Tendo la Tano Tulilisoma Bila Wewe

Mwanangu Nekesa,

Boda imekuchukua saa nane kwenda Bulumbi kumuaga nyanya yako, na tangu mlipokata kona pale kwenye kinu sijauza hata kitambaa kimoja. Wateja wawili wamekuja, wameshika vitenge, wamenitazama usoni, wakaenda zao. Nadhani nina sura ya mtu aliyefunga duka. Basi nimetoa daftari, nimekaa kwenye kiti chako, nakuandikia jua likiwa bado kali. Ukirudi jioni nyumba itajaa watu wa kukuaga, na mbele ya watu mimi huwa nageuka mtu wa kupakua chakula tu.

Sitaandika habari ya chandarua, wala ya kufunga mlango wa bweni, wala ya kunywa maji yaliyochemka. Hayo nimekwambia mpaka umeanza kunimalizia sentensi. Nataka kuandika juu ya kitabu. Kile kinene, cha jalada la kijani, kilichong'oka ukurasa wa jina. Nataka kukiri jambo ambalo unalijua, na najua kwamba unalijua, na tangu Krismasi tunalizunguka wote wawili kama dimbwi lililokaa mlangoni.

Unakumbuka siku uliyokileta? Ilikuwa likizo ya Agosti, mwaka wako wa mwisho shuleni Tororo. Ulisema nakala mpya za tamthilia zilikuwa chache, wenzako wakazigombania, na hiki kikabaki kwenye rafu kwa kuwa kila aliyekifungua alikifunga. Mwalimu wako akakwambia ukichukue kiwe chako, hakuna atakayekiulizia. Nilikifungua, nami nikakifunga. Nikakwambia, "Rudisha. Aliyekipiga chapa alikuwa amelewa." Herufi ya u imekaa mahali pa v. Ile s ndefu imesimama kama f iliyokatwa mkono. Maneno yana e mwishoni, zinaning'inia tu, hazisemi kitu. Na neno lao la moyo, kwenye ukurasa mmoja, limeandikwa kwa namna tatu.

Nilisema kwa ukali, na sasa nakwambia kwa nini. Mimi nilifika kidato cha nne, na Kiingereza nilichofundishwa kilikuwa cha kuogopwa. Nilisimama mara moja kusoma mbele ya darasa. Ulimi wangu wa Kisamia ukateleza, darasa likacheka, mwalimu naye akageukia ubao ili acheke vizuri. Sikusimama tena. Miaka miwili, kila zamu yangu ilipofika, koo lilikuwa linaniuma. Nilimaliza shule nikiwa nimesoma vitabu vyote kwa macho, na mdomo nimeufunga. Halafu mtoto wangu mwenyewe ananiletea kitabu ambacho macho hayakiwezi!

Ukasema, "Mama, usikitazame sana. Kisome kwa mdomo."

"Nitachekwa."

"Na nani? Na vitenge?"

Ukanivuta mpaka barazani, ukanionyesha barabara ya kwenda geti la mpakani. "Hesabu vibao vya chapati," ukasema. Vilikuwa vitatu. Kimoja kimeandikwa chapati, kimoja chapat, na cha tatu, cha yule mama wa Kiteso, sapati. "Umewahi kushindwa kununua?" Sijawahi. Zote tunakula. Hapa mpakani kila mtu anaandika kama anavyosikia kwao, na sisi tunasoma kwa kusikia. Kumbe na hao watu wa zamani walikuwa hivyo hivyo, waliandika kabla hajatokea mtu wa kuwaambia namna moja tu ndiyo sahihi. Nilifungua mdomo. Mistari ya kwanza nilikwenda kama mtu anayevuka kati ya malori. Ukurasa wa tatu, sijui lini, nikaacha kuona herufi. Nikamwona mwanamke.

Mjane wa bwana mkubwa, amefungiwa ndani ya ngome wakati wa vita. Binti yake yuko nje ya geti na jeshi linalokuja kumkomboa. Kati yao anapita tarishi mzee, anabeba barua. Matendo manne mazima mama na mwana hawaonani, wanaandikiana tu. Mimi nilisoma mjane, wewe ukasoma binti na wanajeshi wote na kengele ya kanisa. Neno lao la mapenzi, na ile u yake katikati, nililisema kwa sauti barazani mchana kweupe, mimi niliyekuwa na koo la kuuma. Ulipiga makofi. Nekesa, sijawahi kukwambia, ila siku ile nilitoka kwenye lile darasa.

Halafu ikaja sauti ya upande wa pili wa mabati.

"Mama Nekesa! Huyo tarishi anatoka kwa vita, ama anatoka kununua sukari?"

Wewe ukamrudishia palepale, "Fundi, kama unajua sana, njoo usome wewe!"

"Mimi nakuja. Lakini mimi nataka chai."

Miaka mitatu Fundi Obbo alikuwa jirani tu. Mimi nauza kitenge, yeye anakishona, tunapelekeana wateja na kuombana moto. Sikujua kwamba alipokuwa mwanafunzi aliigiza. Alikuja na pini midomoni, akazitoa moja moja akazichomeka kwenye ukosi, akashika kitabu, akasoma. Mungu wangu! Ile sauti! Ilikuwa kama mtu amefungua madirisha ya nyumba niliyodhani haina madirisha. Najua hapo umekunja pua. Ikunje, mwanangu, mimi nina wiki tano za ndoa na siwezi kuandika jina lake bila kalamu kucheka. Leo asubuhi ameniletea chai kitandani, ameshika kikombe kwa kipande cha shati la shule. Miaka arobaini na tatu nimeishi, sijawahi kuletewa chai na mtu asiyekuwa wewe.

Lakini ngoja. Nisikimbilie furaha ili kukwepa ninachotaka kusema. Ndiyo tabia yangu, na ndiyo ninayoikiri.

Mwisho wa likizo tulikuwa tumemaliza tendo la nne. Asubuhi ya kurudi shule ulikaa na penseli, ukapitia tendo la tano lote bila kulisoma, ukifunika mistari kwa kiganja ili usione, ukaandika pembeni herufi ya msomaji. M ya Mama. N ya Nekesa. Na F. Ulimwandikia F kila mahali pa tarishi, mpaka mwisho. Ulimpa nafasi katika kitabu chetu kabla mimi sijajua kama nataka kumpa.

"Tendo la tano mnaningoja," ukasema. "Mama, apa."

"Naapa."

"Na wewe, Fundi."

Akacheka. "Mimi fundi, kazi yangu ni kungojesha watu. Safari hii nangoja mimi."

Mwezi wa kumi, Jumanne moja, mvua ilipiga mabati mpaka soko likajifunga lenyewe. Paa la Fundi likaanza kuvuja, akahamishia cherehani upande wangu, tukakaa tukitazama barabara inavyogeuka mto. Kitabu kilikuwa juu ya rafu, nimekivingirisha kwenye kile kipande cha kitenge cha ndege. Yeye hakukigusa. Hilo nataka ulijue vizuri. Ni mimi niliyepanda kwenye kigoda nikakishusha.

"Ukurasa mmoja tu," nikasema, "tuone kama geti litafunguliwa."

"Na Nekesa je?"

"Tutarudia naye. Hatajua."

Mstari wa kwanza wa tendo la tano ni wa binti. Pembeni ipo N yako, umeikandamiza mpaka karatasi imeingia ndani. Fundi akangoja, kama vile ungetokea kwenye ile mvua. Kisha akasema, "Hiyo ni ya mtoto."

Nikasema, "Nitaisoma mimi."

Nikaisoma. Na iliyofuata, na zote. Nilikuwa mama na nilikuwa binti, najiuliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe, na sikusimama. Geti likafunguliwa. Binti akaingia, akataka kumwonyesha mama yake zile barua, na hapo tarishi akakiri kwamba macho ya mjane yalikufa tangu mwanzo wa vita. Hakuwahi kusoma wala kuandika hata barua moja. Kila neno zuri lililovuka geti lilitoka kwa tarishi, kwa sababu mjane alikuwa amemwambia, "Mwandikie kwamba mimi ni mzima."

Fundi akafunga kitabu. Akasema, "Nabwire."

Kwa miaka mitatu nilikuwa Mama Nekesa kwake. Sikujua hata kama jina langu analijua.

"Nabwire, mimi nimechoka kusema maneno ya tarishi. Mimi nina yangu."

"Sema basi."

"Mvua ikiisha nakwenda kwangu. Na mimi sitaki kwenda."

Nekesa, hiyo ndiyo saa niliyoipenda kuliko saa zote, ukiacha ile uliyozaliwa. Na ndani ya saa hiyohiyo nilikuwa nimekuibia. Nilikwambia kwamba aliniposa Tororo, baada ya ibada, tukiutazama ule mwamba mkubwa wa mji. Uongo. Tororo tulikwenda wiki iliyofuata, kununua nyuzi.

Ulipomaliza mitihani ukarudi, siku ya pili ya Krismasi ukaweka viti vitatu barazani. Fundi alinivuta pembeni, akaniambia, "Mwambie sasa." Nikamjibu kwamba nitakwambia baadaye. Nikamwomba asome kama mtu asiyejua, na kwa ajili yangu akajaribu, yeye ambaye hata mteja hawezi kumdanganya kwamba nguo iko tayari. Tukasoma. Ulikuwa unang'aa. Ulisema mstari wako wa kwanza kwa sauti ya mtu aliyeufanyia mazoezi bwenini miezi mitatu. Geti likafunguliwa. Na tarishi, kabla hajatamka neno, Fundi akiwa ndiyo kwanza anavuta pumzi, mimi machozi yakanitoka.

Ulinitazama. Ukamtazama Fundi. Ukasoma mstari wa tarishi kwa macho, peke yako, ukaona nilichokuwa nakililia kabla hakijafika.

Ukafunga kitabu. Ukasema taratibu kabisa, "Hata hii, Mama?"

Nikakujibu, "Hata hii nini?" Nikaenda jikoni.

Nilijua. Nilijua neno "hata" linakwenda mbali kiasi gani. Linakwenda mpaka Bulumbi, mahali ulipo sasa hivi.

Ulikuwa na miaka sita baba yako alipofariki. Watu walisema mtoto asione, na mimi nilishukuru waliposema, kwa sababu ni mimi niliyekuwa siwezi. Sikuweza kusimama kwenye lile kaburi nikiwa nimeshika mkono mdogo unaoniuliza maswali. Nikakupeleka kwa shangazi yako Masafu, nikakwambia unakwenda kuona ndama. Siku tatu. Uliporudi udongo ulikuwa umeshapandwa nyasi na matanga yameanuliwa, viti vya watu vimerudishwa. Uliniuliza, "Baba mmemzika bila mimi?" Nikakwambia nenda ukacheze. Miaka kumi na mitatu sijakujibu swali hilo. Nikijibu leo, jibu ni ndiyo. Tulimzika bila wewe, nami ndiye niliyetaka iwe hivyo. Aliimbiwa wimbo alioupenda. Kofia yake ya kazi tuliiweka juu ya jeneza, kisha nikaitoa, haikuzikwa, iko ndani ya sanduku langu chini ya shuka. Nimeifunga pamoja na vitu vyako vya kesho. Ni yako.

Kwa hiyo unaona, mwanangu, sikukosea mara moja. Ninapoogopa uso wa mtu, namtoa chumbani, namaliza mambo peke yangu, halafu najiambia ni huruma. Nilifanya hivyo kwenye huzuni yangu kubwa, nikafanya hivyo hivyo kwenye furaha yangu kubwa. Yule mjane alimwambia tarishi aandike kwamba yu mzima. Mimi nilimsoma kwa sauti nzuri matendo manne na sikujitambua.

Umekuwa na heshima mno tangu siku ile. Ulivaa gauni la arusi uliloshonewa, ulinibebea maua, ulihudumia wageni mpaka mashemeji zangu waliotoka Merikit wakauliza binti huyu amelelewa na nani. Lakini yeye aliyekuwa "Fundi" kwako, mtu wa kutaniwa, sasa ni "Bwana Obbo". Bwana Obbo, chakula kiko tayari. Bwana Obbo, umelala salama. Anaitikia. Akishaingia ndani anakaa kitandani na viatu vyake. Juzi akaniambia, "Nabwire, mtoto hanichukii mimi. Mtoto anangoja sisi tuseme." Yeye angesema zamani. Nilimzuia mimi, kila mara nikisema acha kwanza arusi ipite, acha kwanza barua ya chuo ifike. Usimpe sehemu yangu ya kosa. Sehemu yake mwenyewe ataikiri kwa Mungu, ni ndogo.

Nimeona pia kwamba wewe na yeye hamjaachana kabisa. Wiki iliyopita nilikuwa nakunja nguo nikakusikia ukimuuliza jinsi ya kumsalimia mtu mzima kwa Kidhopadhola, lugha ya kwao, kwa kuwa huko Gulu unakokwenda chuoni wanasema lugha inayokaribiana nayo. Alikusahihisha mara tano. Mara ya tano mkacheka wote wawili, kisha ukakumbuka, ukamwita tena "Bwana Obbo". Nililikunja shati moja mara tatu.

Sijui nitaisikiaje nyumba kuanzia kesho. Watu wananiambia una bahati, mtoto anaondoka na mume ameingia, nyumba haitakuwa tupu. Wanafikiri mahali pa mtu mmoja panajazwa na mwingine kama kiti. Nina furaha, Nekesa, nina furaha mpaka naona haya, na ndani ya furaha hiyohiyo nakutamani, na bado hujaondoka! Naitamani sauti yako ikifanya kengele ya kanisa. Natamani ungekuwepo ile Jumanne ya mvua. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote: mtu niliyetaka kumkimbilia na kumwambia "Ameniita jina langu!" ni wewe, na ni wewe nisiyeweza kukwambia.

Chuoni watakupa nakala mpya, zilizonyooshwa herufi zote. Zisome, ni nzuri, na wewe unakwenda kuwa mwalimu. Lakini siku moja mwanafunzi wako akisimama na ulimi wake ukateleza, mpe kitabu cha zamani. Mwonyeshe moyo ulioandikwa kwa namna tatu na wote unadunda. Mimi ningepewa hicho mapema, sijui ningekuwa nani. Labda ningekuwa huyuhuyu, ila ningekuwa nimekujibu maswali yako.

Kitabu ni chako, unakwenda nacho. Fundi amekishona upya mgongo kwa uzi wa jinzi, hakitaachia tena. Nimekiweka juu ya begi lako, si ndani, na barua hii nimeiingiza pale tendo la tano linapoanza.

Gari lako linaondoka saa mbili asubuhi. Kukipambazuka nitakuwa nimeshaamka, na yeye pia. Viti vitatu viko barazani tangu mchana, nimeviacha palepale. Ukiamua kukitia kitabu ndani ya begi na kufunga zipu, sitasema neno, nitakupikia uji, na tutakusindikiza mpaka kituoni. Utakuwa na haki. Ukikifungua, tutakaa.

Hatutajifanya hatujui kinachokuja. Nitalia mapema, na safari hii utajua kwa nini.

Ile N bado ipo, penseli yako haijafutika. Mstari wa kwanza ni wako. Nitangoja uuseme.

Mama yako,
Nabwire